Posho ya Kimya

Pigo la kwanza lilimwingia Mama Kingu begani, la pili likamkata mbavuni, na la tatu lilipotua gotini aliona nyota saa tatu ya asubuhi, jua likiwa limeshawaka huko nje kama kawaida yake. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameelekezwa ukutani, fulana ya nyaya imembana kifua na glavu za nyaya zimembana vidole. Mwenye kupigwa alikuwa katika mji wa mbali, jina lake hajaambiwa. Mwenye kupiga alikuwa askari wa chuma. Kazi ya Mama Kingu ilikuwa moja tu, kuumia.

Na kunyamaza. Hapo ndipo penye posho.

Pigo la nne lilishuka mkononi. Aliusikia mfupa ukiachana na mfupa mwenzake, akautazama mkono wake mwenyewe uliotulia juu ya paja, mzima kabisa, na pete yake ya ndoa. Jasho likamtiririka mgongoni. Nyuma ya barakoa meno yake yalikuwa yamekaza kitambaa cha khanga, pindo alilolikata mwenyewe, na kila pigo lilipokuja alilimezea humo. Barakoa ilikuwa ruhusa. Ghala lile walimoketi zamani lilikuwa la alizeti la chama cha ushirika, na vumbi la makapi halijawahi kuhama. Kitambaa ndicho kilichokatazwa.

La tano, kichwani. La sita, kichwani palepale. La saba, tena.

Kisha kukazimika. Si kupoa wala kupungua. Yale maumivu yalikatika kama redio iliyochomolewa, na mahali pake pakaja baridi.

"Askari amemaliza," sauti nyororo ya kike ikasema sikioni. "Kampuni inakushukuru kwa uvumilivu wako."

Mama Kingu akainama kama mtu anayejikohoza, akatoa kitambaa, akakisukuma ndani ya sidiria. Kilikuwa kimelowa chapachapa.

*

Miezi saba nyuma gari la kampuni lilikuwa limeingia kijijini Itagwe na spika juu, likitangaza kazi ya kukaa. Watu walicheka mpaka wakashika viuno. Itagwe kazi zilikuwa zinajulikana: kupalilia alizeti za wenye mashamba, kuchota chumvi bwawani mpaka nyayo zipasuke, na kugonga kokoto. Ujira ukiupeleka dukani asubuhi, mchana unaomba mboga kwa jirani. Kingu, kijana wa kwanza wa Mama Kingu, ndiye aliyekwenda kwenye kokoto. Jabali lilimlalia mgongo, na tangu siku hiyo alilala chali akisubiri sindano za kila mwezi ambazo zahanati ilizisikia tu kwa jina.

Spika ilipotaja mshahara, kicheko kilikoma. Ulizidi wa mwalimu mkuu na wa mganga ukiwaunganisha.

Usaili ulifanyika uwanjani. Bwana Sostenesi, meneja, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe vilivyomponza vumbini, alikuwa na koleo. Anabana ndewe ya sikio, anahesabu mpaka sitini, ukitoa sauti umekwenda na maji. Wanaume ndio waliotangulia, kwa mbwembwe. Mzee Gwae, ambaye alishawahi kumtoa fisi zizini kwa teke, alifika kumi na mbili akamwita mama yake, marehemu wa miaka thelathini. Wa baada yake hawakufika hata hapo.

Ikabidi waje wanawake, na hapo koleo lilichoka. Itagwe mwanamke hapigi kelele akijifungua. Ukipiga, utaimbiwa siku ya kumtoa mtoto nje, na huyo mtoto ataitwa Mwana wa Kelele mpaka siku ya harusi yake. Bibi Nkuwi, mkunga wa kijiji na mama mkwe wa Mama Kingu, alisimama kutoa ushahidi bila kuombwa.

"Huyu mkamwana wangu kazaa saba," alisema, mkono kiunoni. "Hata kuku walioatamia uvunguni hawakugeuza shingo."

Hakusema lililobaki. Siku ya Kingu, mtoto alipokwama, Bibi Nkuwi mwenyewe alikunja pindo la khanga akamsukumia mkwewe mdomoni. "Uma hii," alimnong'oneza. "Unilindie jina la nyumba." Mama Kingu aliuma, na kwa sita waliofuata akauma tena. Kwa miaka hiyo yote aliamini kwamba Itagwe nzima ina majasiri watupu, na tapeli mmoja, yeye.

Bwana Sostenesi aliwaeleza kazi yenyewe wakiwa wameketi chini. Mijini, askari wa chuma walikuwa wanalinda maghala na mitaa ya wenye nacho. Mwanzoni waliua watu. Chuma hakijui pa kuishia. Bunge likatunga sheria kwamba askari wa chuma hainui mkono mpaka pawepo mtu hai mahali fulani anayelihisi pigo lile lile, mwenye uwezo wa kumsimamisha kwa sauti yake. Kwenye fulana kulikuwa na kidude cheusi, kama punje ya mtama, hapa kifuani. Hicho ndicho sikio la askari. Mshiriki akilia, askari anasimama.

"Nyinyi ndio huruma yake," alisema Bwana Sostenesi.

"Huruma ya kukodi," akajibu Yunis Mpondo kutoka nyuma, wanawake wakaangua kicheko.

"Na tutahisi lote, baba?" akauliza mwingine.

"Nusu tu."

"Hiyo nusu mliipimia kwenye kibaba cha nani?"

Waliotunga sheria ile walikuwa watu wa mjini, wale ambao wakijikwaa kidole nyumba nzima inaamka. Haikuwapitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kuumia asilie. Kampuni ndiyo iliyowaza hilo. Ilizunguka mikoa kwa utulivu ikitafuta mahali ambapo watu wanalipwa kidogo na kunyamaza sana, mpaka ikafika Itagwe. Ikaongeza posho kwa asiyelia mwezi mzima, na kwa atakayelia mara tatu ikaandaa barua ya kwaheri.

Mama Kingu alilia mara mbili wiki ya kwanza. Ndipo akakikumbuka kitambaa.

*

Mchana wa siku ile ya mapigo saba alikwenda kula karibu na Yunis Mpondo. Yunis alikalia kiti namba moja, karibu na mlango. Alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, na tangu kazi ianze hajawahi kutoa hata mguno. Kampuni ilimpa redio ya jua kwa ushujaa huo, akawa anatembea nayo kama mtoto mchanga.

"Mwenzangu," Mama Kingu akaanza, "wewe hakukuzimikii?"

"Kunizimikia nini?"

"Maumivu. Yanakatika tu, halafu baridi."

Yunis akatafuna maharage yake taratibu. "Mimi nayapenda hayo. Yakikatika mapema nawahi chai."

"Yunis, mimi nilimshika baba Kingu mkono akikata roho. Najua kunavyozimika."

"Mama Kingu, kula."

"Wanakufa."

"Nimesema kula!" Yunis alipiga sahani chini mpaka mchuzi ukaruka. Kisha akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua nyumba yangu ilivyokuwa inavuja? Sasa ina bati. Mvua ikinyesha nasikia raha kama ngoma. Usiniletee maiti kwenye bati langu, dada."

Mama Kingu akaenda kwa Bwana Sostenesi, ambaye alikuwa anapangusa viatu.

"Baba, yule wa asubuhi kafa."

"Nani kasema?"

"Nimemsikia."

"Mama yangu, mfumo uko wazi. Askari anaendelea mpaka mshiriki aseme. Mshiriki asiposema, kipigo ni cha kiasi. Ndiyo sheria hiyo."

"Na nyinyi mnatulipa tusiseme."

"Tunalipa uvumilivu." Akamtazama kwa huruma kidogo, ile ya mtu aliyeshiba. "Halafu niulize mimi, katika hao unaosema wamekufa, kuna hata mmoja aliyeleta malalamiko?"

Jioni yake alimchoma Kingu sindano iliyonunuliwa kwa posho. Kijana alikunja uso, akauma mdomo, halafu akasema, "Mama, tazama." Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza. Kilicheza juu na chini, kama mtu anayeitika salamu kwa mbali. Bibi Nkuwi alipiga kigelegele kilichowatawanya mbuzi.

Mama Kingu naye alicheka. Na wiki ile kulizimika mara mbili tena, mmoja kwa mapigo ya shingo, mwingine kwa kukanyagwa kifua polepole, na mara zote mbili aliuma kitambaa. Tusimpambe. Aliuma.

*

Alhamisi, saa nne, askari wake alianza na mgongo.

Rungu lilimshukia katikati ya mabega, likapanda, likashuka tena. Mama Kingu akajikunja. Aliyepigwa alikuwa ameanguka kifudifudi, hilo lilijulikana, maana magoti na viganja viliwaka kwa kuchunika. Teke likaingia ubavuni. Rungu likavunja kitu kidogo kwenye kiwiko. Mama Kingu akauma, machozi yakajaza barakoa. Machozi hayakuhesabiwa. Sikio lilikuwa sikio, halikuwa na macho.

Ndipo likaja jingine, chini ya yale.

Lilianzia kiunoni, nyuma, mahali pa kufungia khanga. Likazunguka pande zote mbili, likakutana mbele, likakaza tumbo kama kamba ya kufungia mzigo wa kuni, likashikilia, likashikilia, kisha likaachia. Mama Kingu akadhani ni lake. Akajicheka humo humo ndani ya mateso: mwanamke wa miaka hamsini na minne, mjane, hedhi imeshamuaga!

Rungu likaendelea. Bega. Shavu. Jino likang'oka, akalitafuta kwa ulimi akalikuta lipo.

Kamba ikarudi. Kiunoni, pembeni, mbele, ikakaza zaidi.

Maumivu mengine yote ya kiti kile yalikuwa wageni. Hili lilikuwa la nyumbani. Alilijua kwa jina, kwa mwendo, kwa muda linaokaa na muda linaopumzika. Alishawahi kulipokea mara saba. Na alijua kwa namna lilivyosogea, bila kupumzika tena, kwamba lililobaki ni dogo.

Huko mbali mwanamke alikuwa sakafuni akijifungua, na askari wa chuma alikuwa juu yake. Pengine alikuwa analia. Pengine alikuwa anaita majina ya ukoo mzima. Ilikuwa bure. Askari hakuwekewa sikio kwa anayempiga. Sikio lake lilikuwa Itagwe, kifuani kwa Mama Kingu.

Akakiona kidole cha Kingu kikicheza. Akaziona sindano zilizobaki kwenye boksi, mbili. Akakaza meno.

Teke lilikuja tumboni.

Mama Kingu alivuta barakoa, akatema kitambaa, akapiga ukelele.

Haukuwa ukelele wa kazini. Ulikuwa wa miaka thelathini na miwili, ule wa Kingu na wa wadogo zake sita, uliokuwa umekaa humo ukingoja mlango. Njiwa waliruka kutoka kenchi za paa. Ukutani taa ya kiti chake ikawa nyekundu, na rungu lililokuwa linashuka halikufika.

Vipigo vikakoma. Kamba haikukoma. Sasa ilikuwa peke yake, na Mama Kingu akashika mikono ya kiti, akapanua magoti, akasukuma pamoja na mtu asiyemjua, akilia bila kujizuia, maana cha kulinda hakikuwepo tena. Akahisi moto, akahisi kupasuka, akahisi ile nafasi kubwa inayokuja ghafla. Kisha akangoja baridi.

Haikuja. Maumivu yalififia polepole, yakabaki kama makaa, kama yanavyobaki kwa mtu aliye hai.

"Mara ya tatu," alisema Bwana Sostenesi nyuma yake. Akakiona kitambaa sakafuni, akakiinua kwa ncha ya kalamu. "Na hiki nini? Mama Kingu! Hiki nini?"

"Ndicho kilichoua watu wako," alisema, akivua fulana. Akawageukia wanawake, migongo kumi na tisa. "Jamani! Tukinyamaza wanakufa! Nimemkuta mzazi huko, anapigwa akizaa! Lieni! Mtu akilia wanasimama!"

Hakuna aliyegeuka. Aibu ikampanda usoni. Majasiri wale walikuwa wanamdharau, na haki yao.

"Toka nje," alisema Bwana Sostenesi.

"Sitoki."

Bwana Sostenesi akabonyeza kitu mfukoni. Mlango ukafunguka, akaingia askari wa chuma wa getini, yule waliyekuwa wanamsalimia kila asubuhi kwa utani, "Shikamoo shemeji." Safari hii shemeji hakungoja salamu. Rungu lilimpiga Mama Kingu kwenye nyonga, akaanguka. Hili lilikuwa lake mwenyewe, na zima, si nusu. Aliona mate yake yakiruka na damu ndani yake. Rungu likapanda tena, likashuka kwenye mbavu, na akasikia kitu kikilia *kak*, safari hii ndani ya mwili wake.

Wakati ule ule, kwenye kiti namba moja, Yunis Mpondo aliruka kama aliyechomwa na msumari.

Rungu, mguuni. Yunis akarusha mguu.

Mama Kingu akaelewa. Kila askari wa chuma ana mtu wake, hata wa getini. Akatambaa. Pigo la mgongo likamlaza, akatambaa kwa viwiko, pigo jingine, akafika, akashika sketi ya Yunis, akapanda nayo kama mtu anayepanda mti. Yunis alikuwa amemtolea macho mekundu, yaliyojaa. Na pembeni mwa barakoa, uzi wa rangi ya machungwa ulikuwa unaning'inia. Uzi wa khanga.

"Na wewe?" alisema Mama Kingu.

Akavuta barakoa. Akavuta uzi. Kitambaa kikatoka, kirefu kuliko chake, kikubwa kuliko chake, leso nzima! Na nyuma yake ikatoka sauti ya Yunis Mpondo, bingwa wa kimya, mwenye redio, sauti iliyochana hewa mpaka madirisha.

Askari wa chuma alisimama. Rungu lilikuwa shubiri moja kutoka kisogo cha Mama Kingu, na likabaki hapo hapo.

"Inauma!" Yunis alilia. "Mama Kingu, inauma, tangu siku ya kwanza inauma!"

"Najua, dada. Lia."

Walikwenda kiti kwa kiti, mmoja akichechemea, mwingine akilia. Walivuta barakoa, na chini ya kila barakoa kulikuwa na kitambaa. Cha khanga, cha kitenge, soksi ya mtoto, na mke wa mchungaji alikuwa na kipande cha zulia la kanisa. Wote kumi na tisa. Kila mmoja alikuwa amejificha na wenzake, kila mmoja akiamini yeye peke yake ndiye mwoga wa Itagwe. Vitambaa vilianguka sakafuni, na wanawake walipiga kelele, waliokuwa wanapigwa na waliokuwa hawapigwi, taa zikawa nyekundu moja baada ya nyingine ukuta mzima, na katika miji ambayo hawajaiona mikono ya chuma ikabaki hewani.

Bwana Sostenesi alikuwa ameziba masikio, amechuchumaa kando ya shemeji, viatu vyake vyeupe vimekanyagwa.

*

Nje, kijiji kizima kilikuwa kimejaa getini. Kelele zile zilikuwa zimewafikia mashambani, wakaja na majembe, wengine na mundu. Walipomwona Mama Kingu anatoka ameshika mbavu, wakampisha. Hakuna aliyeimba.

Bibi Nkuwi alikuwa mbele, ungo wa uwele bado uko kwapani.

"Nani kaanza?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Nilijua. Sauti ya kwanza niliijua." Kikongwe akautazama mdomo wa mkwewe uliochanika. "Na sindano za Kingu?"

Mama Kingu alitazama vumbi.

Bibi Nkuwi aliweka ungo chini. Alikuwa amepokea watoto wa Itagwe kwa miaka arobaini, na ukelele aliousikia shambani, japo hakuwahi kuuruhusu nyumbani kwake, alijua ni wa nini.

"Wa kike au wa kiume?"

"Sikumwona, mama." Mama Kingu akaanza kulia tena, kimyakimya, kwa mazoea. "Lakini katoka. Nimemsikia akitoka."

Bibi Nkuwi akafungua khanga yake ya juu, akaivuta ikakaza, akamfunga nayo mbavu zilizovunjika, mizunguko mitatu, na pindo akalichomeka kiunoni, mbali na mdomo.

"Basi twende," alisema. "Mzazi hakai juani. Nikakukorogee uji."